Damu Yangu Inakwenda Wapi?

Jumatatu iliyopita, kwenye maabara ya zahanati moja hapa Babati mjini, bibi mmoja aliyejitanda shuka la mistari alimnyooshea kijana wa maabara mkono wake wa kushoto. Akafungwa mpira juu ya kiwiko, akapakwa spiriti, akachomwa, na damu ikaanza kuingia chupani. Ilipojaa ya kwanza, yenye kifuniko chekundu, kijana akachomeka ya pili, ya zambarau. Alipochukua ya tatu, ya kijivu, bibi akauliza, "Mjukuu wangu, hii yote inakwenda wapi?"

Kijana hakuinua macho. "Ni vipimo tu, bibi."

Bibi akamwambia achomoe sindano. Ikachomolewa, akabana pamba kwa kidole gumba, akateremsha mkono wa gauni lake na kutoka nje.

Benchi zima likageuka baraza. Mama mmoja alisema wazee wa vijijini ndivyo walivyo, wanasumbua wataalamu bure. Dereva wa bodaboda aliyepakata kofia yake ya pikipiki alijibu kwa sauti ya chini kwamba chupa tatu si za kumpimia mtu mmoja, na kwamba damu ina soko. Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Mimi nilikuwa nasubiri zamu yangu, na nilitoka pale na swali la bibi kichwani, kwa sababu lina umri mkubwa kuliko zahanati ile, tena kuliko uhuru wa Tanganyika yenyewe.

Nilipofika nyumbani nilitoa kabatini vitabu viwili ninavyovitegemea kila inapozungumzwa historia ya tiba katika nchi hii. Cha kwanza ni cha daktari David Clyde, aliyeitumikia serikali katika kazi ya malaria. Kilitoka Dar es Salaam mwaka 1962 na kinasimulia huduma za tiba za Tanganyika. Cha pili ni cha mwanahistoria Luise White, kilichotoka Marekani mwaka 2000, nacho kinahusu uvumi wa wanyonya damu katika Afrika Mashariki na Kati wakati wa ukoloni. Clyde anaitazama sindano kutoka upande wa anayeishika. White anamsikiliza anayechomwa. Niseme mapema kwamba katika jambo hili mimi nimekaa benchi moja na White.

Mtu wa Babati, hata hivyo, angeianza historia hii zizini. Wabarabaig, majirani zetu wa upande wa Hanang, wanajua tangu enzi za mababu namna ya kumtoa ng'ombe damu bila kumdhuru, kama wanavyojua Wamasai. Mnyama anashikwa, ukanda wa ngozi unakazwa shingoni mpaka mshipa mkubwa unavimba na kuonekana. Mlengaji anasogea karibu na upinde na mshale mfupi, ambao nyuma kidogo ya ncha umefungwa kizuizi usizame kupita kiasi. Mshale unagonga na kurudi, damu inaruka ndani ya kibuyu. Ikitosha, ukanda unalegezwa, mtiririko unakatika, tundu linazibwa, na ng'ombe anarudi malishoni na wenzake.

Nilipousoma kwa mara ya kwanza mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu utoaji wa damu, uliotolewa mwaka 2010, nilishangaa jinsi nilivyokuwa nimeyaona mengi ya yaliyomo nikiwa mtoto. Funga mpira vidole vinne au vitano juu ya mahali unapochoma. Ingiza sindano kwa kulaza, isizidi pembe ya nyuzi 30, usije ukapitiliza mshipa. Legeza mpira kwanza ndipo uchomoe sindano, maana ukichomoa mshipa ukiwa umekazwa, damu inavujia chini ya ngozi na mgonjwa anakwenda nyumbani na uvimbe mweusi. Kijana wa Kibarabaig hakuhitaji kuambiwa hilo la mwisho.

Binadamu naye alitolewa damu kabla ya hospitali. Mganga wa kuumika alichanja ngozi kidogo, akaweka pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani, akavuta hewa kwa mdomo na kuziba tundu. Pembe hiyo ndiyo chuku, na lugha yetu imeitunza mahali ambapo wengi hawaifikirii tena: anayekuza maneno tunasema anapiga chuku, nadhani kwa vile pembe ile huumua nyama mpaka ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Zizini na penye pembe kuna kitu kimoja kinachofanana, nacho ndicho msingi wa makala haya. Damu haikuondoka machoni pa mwenyewe. Aliiona inatoka, aliiona inapomwagwa au inaponywewa, na mambo yakaishia hapo.

Maabara ndiyo iliyokuja kuvunja utaratibu huo. Mwaka 1880 daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, aliona vidudu vya malaria ndani ya damu ya askari. Kuanzia hapo tone la damu likawa na kazi mpya: kubebwa, kupakwa juu ya kioo, kutiwa rangi na kutazamwa na mtu ambaye mgonjwa huenda asimwone kamwe. Mjerumani Robert Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na hadubini yake, akachoma vidole vya watu wa pwani na wa Usambara. Alikuta Wasambaa wanaoteremka bondeni wakirudi na homa, na wenyewe wakiiita homa hiyo mbu, jina lilelile la mdudu. Mwaka huohuo Ronald Ross alikuwa India akipasua mbu ili kuthibitisha jambo ambalo Usambara lilikuwa tayari limo ndani ya neno.

Koch alirudi tena. Mwaka 1906 aliongoza tume ya Wajerumani kuchunguza malale, ikapiga kambi kwenye Visiwa vya Sese upande wa Uganda, ambako ugonjwa huo ulikuwa umeua watu wengi mno. Huko walichukua damu, walichoma tezi za shingo kutafuta vidudu, kisha wakawachoma wagonjwa sindano za dawa yenye arseniki iitwayo Atoxyl. Baadhi walipata nafuu kwa muda. Baadhi wakapofuka. Hebu jiweke mahali pa ndugu wa mgonjwa aliyekuwa amesimama pembeni: mgeni ametoa damu, ameondoka nayo, amerudi na sindano, na kaka yako haoni tena.

Malale ndiyo yanayotuleta Babati. Enzi za Waingereza eneo letu lilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, na bonde la Kiru na tambarare za Magugu zilikuwa nchi ya mbung'o. Mwaka 1922 malale yaliibuka Maswa, na tangu hapo serikali ya Tanganyika ikashika sera moja kwa miaka mingi: watu waliotawanyika porini wakusanywe sehemu moja, pori lifyekwe, mbung'o akose kivuli. Daktari George Maclean, ofisa wa malale, ndiye aliyeisimamia kazi hiyo nchini. Katika maandishi ya serikali ni kazi ya kusifiwa, na sina sababu ya kukataa kwamba iliokoa maisha.

Ila itazame kutoka upande wa pili. Wanakuja watu na meza ya kukunja, kisanduku cha vioo na sindano. Kijiji kinapangwa mstari. Kila mmoja anatobolewa kidole, na wengine wanatolewa maji ya uti wa mgongo. Vioo vinafungwa, vinapelekwa. Wiki chache baadaye linakuja jibu, na jibu lenyewe halimhusu mtu hata mmoja kwa jina lake. Jibu ni amri ya kuhama. Damu yako imekwenda, na kwa sababu ya damu hiyo unaacha shamba na makaburi ya wazee wako.

Hapa ndipo White anapomtoa msomaji usingizini. Katika miaka ileile neno mumiani lilienea Afrika Mashariki yote likiwa na maana ya kutisha. Awali mumiani ilikuwa dawa, utomvu mweusi kutoka Uajemi uliopakwa kwenye mifupa iliyovunjika au kuyeyushwa ndani ya samli na kunywewa. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa chini ya Frederick Johnson mwaka 1939 inaeleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na kwamba uvumi ukizuka, mji mzima unaogopa kutoka nje baada ya jua kuzama. Nairobi na Kampala walisema wazimamoto ndio wanaokamata watu usiku na kuwatoa damu kwa mipira na ndoo. Kwingine waliitwa chinjachinja. Mwaka 1947 umati ulikivamia kituo cha zimamoto Mombasa. Februari 1959, zikiwa zimebaki chini ya miaka 3 kufika uhuru, umati wa Buguruni, Dar es Salaam, ulipandwa na hofu ya mumiani, na askari polisi mmoja akauawa.

Wakubwa wa wakati ule waliandika kwamba huo ni ushirikina wa watu wasiosoma. Mama wa kwenye benchi Jumatatu alisema vivyo hivyo kwa maneno mengine. White anakataa, na mimi namuunga mkono kwa moyo wote. Anasema tuusikilize uvumi kama ushahidi wa yale watu waliyoyaona. Hawakutaja mapanga wala uchawi wa kale. Walitaja sindano, mipira, ndoo, magari, makoti, watu wanaolipwa mshahara. Walikuwa wanaeleza, kwa lugha iliyojaa hofu, kazi ya kitaalamu ambayo hawakuelezwa: mtu mwenye sare anachukua kitu kilichomo mwilini mwako, anaondoka nacho, na faida yake huioni. Kosa lao lilikuwa kwenye hesabu ya mauaji. Kwenye malalamiko yenyewe hawakukosea hata kidogo.

Nimekaa sana kwenye mumiani na sijutii. Hatua zilizofuata zinajulikana na kila aliyefika hospitali. Zikaja hospitali za misheni: masista madaktari kutoka Ireland walifika Dareda mwishoni mwa miaka ya 1940, na Walutheri wa Norway wakafungua Haydom mwaka 1955. Sisi tuliokua kabla ya sindano za kutupa tunakumbuka bomba la kioo likichemshwa kwenye sufuria juu ya jiko, mlio wake wa kugongagonga maji yakitokota, na sindano iliyokuwa ikinolewa juu ya jiwe inapokuwa butu. Nilikuwa naanza kulia nikiusikia mlio huo kabla hata muuguzi hajageuka. Ulaya na Marekani walikuwa tayari wana chupa zisizo na hewa ndani, zinazovuta damu zenyewe, alizobuni Joseph Kleiner katika miaka ya 1940. Kwetu zilichelewa sana kufika.

Kisha mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, na hofu ya kwenye chumba cha kutolea damu ikageuka uso. Hadi siku hiyo aliyeogopa alikuwa mgonjwa. Sasa aliyeshika sindano naye akaanza kutetemeka. Wenye kazi hiyo wanazijua hesabu zake: ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya UKIMWI, nafasi ya kuambukizwa ni kama 3 katika kila 1,000; kwa homa ya ini aina ya B, kama hukuchanjwa, inaweza kufika 30 katika kila 100. Ndiyo maana ya glavu, ya kutorudishia sindano kifuniko chake, ya boksi gumu la njano lililowekwa karibu kiasi cha kufikiwa na mkono. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walitoa damu kupimwa virusi hadharani Dar es Salaam, wakizindua kampeni ya kupima kwa hiari. Kwa mtazamo wangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika historia hii, kwa sababu mkubwa wa nchi alionyesha mkono wake mwenyewe.

Siku hizi Babati, ambayo ilipata wilaya yake mwaka 1985 na kuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara mwaka 2002, haina tena ile shida ya sindano ya kunoa. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu ndani ya robo saa, na msamiati wa maabara umeingia mitaani mpaka mtu anakwambia "nimekutwa na malaria tatu" kama anayetaja watoto wake. Hata malale hayajatoweka: mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliotembelea Serengeti na Tarangire, mbuga iliyo mlangoni petu, walirudi kwao na vidudu vyake. Nao walitolewa tone la damu likawekwa chini ya hadubini, kama walivyofanyiwa mababu.

Kilichobaki nyuma ni neno la mdomo, na hapo nasema kwa uchungu. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, watafiti wawili na dereva wao kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na umati uliowadhania wanyonya damu. Walikuwa wamefuata udongo, sampuli za udongo tu. Barabara ya Arusha kwenda Dodoma inapita katikati ya mji wetu. Atakayesema mumiani ni hadithi ya bibi zetu aikumbuke barabara hiyo.

Na ndani ya vyumba vyenyewe? Miaka michache iliyopita, mahali ambapo sitapataja, tulitolewa damu watu sita mfululizo. Mtoaji alikuwa na mkono mwepesi, sikuhisi hata maumivu. Lakini chupa zote sita alizilaza mezani bila jina, akazipeleka chumba cha pili, akaandika majina huko kwa kukumbuka tulivyokaa. Nikapewa karatasi inayosema sukari yangu iko juu sana. Nilikunywa dawa siku nne, nikadhoofika, nikaenda kupima kwingine nikakutwa sina tatizo. Sijui ni nani kati ya wale watano aliyeondoka na jibu langu zuri, na bado namfikiria.

Wataalamu wananiambia makosa mengi ya maabara hayatokei kwenye mashine. Yanatokea kabla, mkononi. Mpira ukiachwa umekaza zaidi ya dakika moja, damu inatuama na vipimo vinapotoka. Spiriti isipoachwa ikauke, inachoma jeraha na inaweza kuvunja chembe za damu. Chembe zikivunjika, potasiamu inaonekana juu kwa uongo na mgonjwa anatibiwa ugonjwa asio nao. Chupa za rangi zina utaratibu wake: ukianza na ya zambarau, dawa yake ya kuzuia damu kuganda inaweza kuhamia kwenye nyekundu na kuharibu hesabu. Kwa hiyo yule kijana wa Jumatatu alikuwa sahihi kwa kila alichofanya. Nyekundu, zambarau, kijivu. Alikosa sentensi moja.

Bibi aliipata, kwa bahati. Nilipotoka nilimkuta bibi chini ya mwarobaini, na mama mmoja wa maabara, mtu mzima aliyevaa koti jeupe, amechuchumaa mbele yake na kibao cha chupa. Alimwonyesha nyekundu akasema hii inatazama ini na figo. Akamwonyesha zambarau akasema hii inatazama wingi wa damu. Ya kijivu, ambayo ilikuwa bado tupu, akasema ni ya sukari, na kwamba zikishapimwa zinateketezwa, haziendi popote.

Bibi hakujibu upesi. Alizishika zile mbili, akazigeuza juani, akauliza jina lake liko wapi. Hakuwa amesoma. Akamwita msichana wa shule aliyekuwa anapita na begi mgongoni, akampa azisome. Msichana akasoma jina kwa sauti, mara ya kwanza na mara ya pili, jina lilelile. Ndipo bibi akakunja mkono wa gauni, safari hii wa kulia, akauliza majibu yanatoka lini. Akaambiwa saa nane mchana.

Saa saba na nusu alikuwa ameshakaa mlangoni.